Linux kwa Aliyezoea Windows: Ya Kuelewa Kabla ya Kukariri Amri

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na tangu hapo watu wengi wenye kompyuta ambazo bado ni nzima wamejikuta njia panda. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya aina ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, inataka karibu zote ziwe na kichakato cha kizazi cha nane au cha baadaye. Masharti hayo yanaziacha nje kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, zikiwemo kompyuta mpakato zilizotumika ambazo bado zinauzwa kwa wingi katika maduka ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mwenye mashine ya namna hiyo akiuliza afanye nini, mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: Linux.

Miongozo mingi ya mfumo huo humpokea mgeni kwa orodha ndefu ya amri za kukariri. Naona huo ni mwanzo mbaya. Amri husahaulika upesi na zinaweza kutafutwa wakati wowote, lakini mtu anayetoka Windows hukwamishwa hasa na mambo ambayo amezoea kuyaona kuwa ndiyo maumbile ya kompyuta yoyote: kwamba kila diski ina herufi yake, kwamba programu hutafutwa kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, na kwamba aliye mbele ya kibodi anaruhusiwa kugusa kila kitu. Hayo yote ni maamuzi ya waliotengeneza Windows. Linux iliamua vinginevyo, na mtu akielewa sababu za maamuzi yake, amri zenyewe huacha kuonekana kama lugha ya siri.

Kinachoitwa Linux

Kwa maana yake halisi, Linux ni kiini tu, yaani ile programu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu ya kompyuta, kuzipa programu zamu za kutumia kichakato, na kuzungumza na diski, skrini na kadi ya mtandao. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, akifuata mtindo wa Unix, mfumo uliozaliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Kiini hicho hicho ndicho kilicho ndani ya simu za Android, kwa hiyo msomaji anayedhani hajawahi kugusa Linux huenda anayo mfukoni.

Kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida, kwa sababu hakina madirisha, hakina kivinjari, wala hakina hata amri ya kunakili faili. Amri hizo za msingi zilitoka kwa sehemu kubwa katika mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Mandhari ya skrini, pamoja na menyu na vitufe vyake, hutoka katika miradi mingine kama GNOME, KDE Plasma, Cinnamon na Xfce. Wapo basi wanaokusanya kiini, amri, mandhari na maelfu ya programu, wakavipima kama vinapatana, kisha wakatoa mkusanyo mmoja ulio tayari kusakinishwa. Mkusanyo huo ndio unaoitwa distro. Debian ilianzishwa mwaka 1993, Ubuntu ikajengwa juu yake mwaka 2004, na Linux Mint ikafuata mwaka 2006 ikiwa imejengwa juu ya Ubuntu. Ndiyo maana maelekezo yaliyoandikwa kwa mojawapo ya hizo tatu mara nyingi hufaa kwa nyingine pia.

Mabishano kuhusu distro iliyo bora hayana mwisho, na mgeni hana sababu ya kuyaingia. Achague Linux Mint, au achague Ubuntu katika toleo lenye alama ya LTS, ambalo hutolewa kila baada ya miaka miwili na kupewa masasisho kwa miaka mitano. Namba za matoleo ya Ubuntu ni tarehe: 24.04 ni toleo la mwezi wa nne wa mwaka 2024. Mwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4 achukue Mint yenye mandhari ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Mifano inayofuata inahusu familia hiyo ya Debian, Ubuntu na Mint.

Mti mmoja wa mafaili

Katika Windows diski ya kompyuta ni C:, sehemu ya pili ya diski huwa D:, na flashi ikichomekwa hupewa E: au F:. Linux haina herufi hizo kabisa. Mafaili yote, popote yalipohifadhiwa, yamo katika mti mmoja ambao mzizi wake huandikwa kwa alama ya mkwaju peke yake, `/`, na kila kifaa kinachoongezwa hupachikwa kwenye tawi mojawapo la mti huo. Mtu aliyeingia katika Ubuntu kwa jina la asha akichomeka flashi iitwayo KAZI, yaliyomo ataya­kuta katika `/media/asha/KAZI`. Faida ya mpangilio huu haionekani siku ya kwanza. Huonekana siku mtu anapoongeza diski kubwa na kuipachika iwe ndiyo `/home`, kwa kuwa programu zote huendelea kuhifadhi kazi mahali pale pale zilipozoea, bila kujua wala kuhitaji kujua kwamba diski imebadilika.

Matawi makuu yana kazi zinazojulikana, na kazi hizo hazitofautiani sana kati ya distro moja na nyingine. Katika `/home` kila mtumiaji ana folda yake, na humo ndimo zinamokaa nyaraka, picha na mapendeleo yake. Katika `/etc` yamo mafaili ya kupanga tabia za mfumo mzima, karibu yote yakiwa ni maandishi ya kawaida yanayoweza kufunguliwa na kusomwa na binadamu. Programu zenyewe hukaa hasa katika `/usr`. Kumbukumbu za matukio na data inayobadilikabadilika huwekwa katika `/var`, na vitu vya kupita huwekwa katika `/tmp`. Anayetoka Windows atatafuta folda moja yenye kila kitu cha programu fulani, kama zile za Program Files, na hataipata, kwa sababu programu moja husambazwa: sehemu inayoendeshwa huwekwa kwenye tawi moja, mipango yake kwenye `/etc`, na mapendeleo ya kila mtumiaji ndani ya `/home` yake. Mpangilio huo si wa ovyo. Umetenganisha kilicho cha mfumo na kilicho cha mtu, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kusakinisha mfumo upya, akarudisha folda yake ya `/home`, na kuikuta barua pepe yake, alamisho zake na hata rangi za madirisha yake zikiwa kama alivyoziacha.

Mapendeleo hayo kwa kawaida huwa hayaonekani, kwa kuwa faili au folda yoyote ambayo jina lake linaanza kwa nukta hufichwa. Katika kidhibiti cha mafaili cha Ubuntu au cha Mint, kubonyeza Ctrl na H huyafichua. Jambo jingine ambalo huwasumbua wageni kuliko linavyostahili ni herufi kubwa na ndogo: kwa Linux, `Barua.odt` na `barua.odt` ni mafaili mawili tofauti yanayoweza kukaa pamoja katika folda moja. Anayeandika `cd documents`, amri ya kuingia katika folda, huku folda ikiitwa `Documents` ataambiwa kwamba haipo, na mfumo utakuwa umesema kweli.

Kuhusu flashi, lipo onyo moja. Linux hupenda kuweka data kwanza katika kumbukumbu ya muda na kuiandika kwenye kifaa baadaye kidogo, kwa hiyo dirisha la kunakili linaweza kufungwa wakati uandishi haujakamilika. Kuipachua flashi kwa kubonyeza alama ya kuitoa, na kusubiri ujumbe wa kuruhusu, hapa si adabu tu. Anayeichomoa ghafla anaweza kufika duka la kuchapisha akiwa na faili lililokatika.

Nani anaruhusiwa nini

Unix ilitengenezwa kwa kompyuta zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja, na Linux ilirithi tahadhari hiyo hata inapokaa kwenye mashine ya mtu mmoja. Kila faili lina mwenyewe, lina kikundi, na lina ruhusa zilizogawanywa mara tatu: za mwenyewe, za kikundi na za wengine wote. Amri ya `ls -l` huzionyesha kwa safu ya herufi kama `-rw-r-----`. Alama ya kwanza hueleza aina, kistari kikiwa ni faili la kawaida na `d` ikiwa ni folda. Zinazobaki husomwa tatu tatu, ambapo `r` ni kusoma, `w` ni kuandika na `x` ni kuendesha. Faili la mfano huo linasomwa na kuandikwa na mwenyewe, linasomwa na kikundi, na wengine hawaruhusiwi lolote. Ruhusa hizo hizo huandikwa pia kwa tarakimu, kusoma kukihesabiwa 4, kuandika 2 na kuendesha 1, kisha zinajumlishwa. Kwa hiyo faili letu ni 640.

Herufi ya `x` inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inachukua nafasi ya jambo ambalo Windows hulitambua kwa jina. Katika Windows faili linalomalizikia kwa .exe ni programu. Katika Linux jina halina uzito huo: faili linaloweza kuendeshwa ni lile lililopewa ruhusa ya kuendeshwa, na faili lililopakuliwa kutoka kwenye mtandao kwa kawaida huja bila ruhusa hiyo. Kwa folda maana hubadilika kidogo, kwani `x` ni ruhusa ya kuingia na kupita, `r` ni ya kuona orodha ya vilivyomo, na `w` ni ya kuongeza au kuondoa vitu. Hapo hutokea jambo linalowashangaza hata waliokwisha kuzoea: kufuta faili kunategemea ruhusa ya folda iliyolibeba, si ruhusa ya faili lenyewe. Mtu anaweza kufuta faili asiloruhusiwa hata kulisoma, ilimradi anaruhusiwa kuandika katika folda hiyo. Folda ya `/tmp`, ambayo kila mtu anaandika ndani yake, imewekewa alama ya ziada ili watu wasifutiane vitu.

Juu ya watumiaji wote yupo mmoja aitwaye root, ambaye ruhusa hizi hazimzuii. Ubuntu humfungia mlango asiingie moja kwa moja, na badala yake humruhusu mtumiaji wa kwanza kuazima mamlaka yake kwa amri moja kwa wakati, kwa kutanguliza neno `sudo`. Nenosiri linaloulizwa hapo ni la mtumiaji mwenyewe. Unapoliandika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, katika baadhi ya matoleo hakuna herufi wala nyota inayotokea kwenye skrini, na wageni wengi hudhani kibodi imekufa. Haijafa. Andika hadi mwisho, bonyeza Enter, na mfumo utakukumbuka kwa muda wa dakika 15 hivi kabla ya kukuuliza tena.

Mtu anayekataliwa ruhusa mara kwa mara huishia kutafuta dawa mtandaoni, na dawa inayouzwa sana huko ni `chmod 777`, yaani kumpa kila mtu kila ruhusa. Siikubali hata kidogo. Swali sahihi ni kwa nini faili hilo si langu, na jibu huwa mojawapo ya mawili: ama ni faili la mfumo ambalo sikupaswa kuligusa, ama nililitengeneza nikiwa na `sudo` bila haja, likawa mali ya root. Kwa hali ya pili, `sudo chown asha barua.odt` humrudishia mwenyewe faili lake na jambo linaishia hapo.

Programu hutoka ghalani

Mazoea magumu kuliko yote kuyaacha ni ya kutafuta programu kwenye tovuti, kupakua faili na kulibonyeza mara mbili, au, kama ilivyo kwa wengi wetu, kumpelekea fundi kompyuta ili aweke programu iliyovunjwa kufuli kutoka kwenye flashi yake. Kila distro ina ghala lake la mtandaoni, ambamo programu zimekwisha kujengwa, kupimwa na kutiwa sahihi ya kidijitali. Ghala la Debian lina vifurushi zaidi ya 60,000. Programu ya kudhibiti vifurushi, ambayo katika familia hii huitwa apt, hukagua sahihi kabla ya kusakinisha chochote, na pia hujua kwamba programu fulani haiwezi kufanya kazi bila nyingine tano, ikazileta zote. Asiyetaka kuandika amri hufungua duka la programu lililomo ndani ya mfumo, ambalo kwa vifurushi hivi hufanya kazi ile ile.

Amri mbili huchanganywa mno. `sudo apt update` haisasishi programu yoyote, bali huleta orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Anayesasisha ni `sudo apt upgrade`, na ikiendeshwa bila orodha mpya huamini kwamba hakuna jipya. Kabla ya kupakua, apt hutaja ukubwa wa vitakavyoletwa na kusubiri mtu akubali, jambo lenye manufaa kwa anayetumia bando la simu. Kwa kuwa kivinjari, programu za ofisi na kiini vyote vinaweza kutoka ghala moja, usasishaji mmoja huvigusa vyote, na mara nyingi kompyuta haihitaji kuzimwa: faili la zamani ambalo bado limefunguliwa na programu huendelea kuwepo kwa ajili ya programu hiyo hadi ifungwe, hata kama jipya limekwisha kuchukua jina lake. Kiini ndicho kinachodai kompyuta iwashwe upya ili toleo jipya lianze kutumika.

Siku hizi yapo pia maghala yasiyofungamana na distro moja, Flatpak na Snap, ambayo hubeba programu pamoja na karibu kila inachohitaji. Ubuntu huegemea Snap na hata Firefox yake huja kwa njia hiyo, ilhali Mint imeikataa Snap na kuchagua Flatpak. Vifurushi vya Flatpak na Snap huwa vikubwa zaidi, kwa hiyo mwenye bando dogo aanze kwa apt.

Terminali

Mtu anaweza kutumia Mint kwa miaka bila kufungua terminali. Atakutana nayo kila anapoomba msaada, hata hivyo, kwa sababu anayemsaidia hajui kama anatumia Cinnamon au GNOME, na maelezo ya "bonyeza pale kulia" hayavuki kutoka mandhari moja hadi nyingine, wakati mstari mmoja wa maandishi huvuka. Mstari huo una muundo usiobadilika sana: kwanza jina la amri, kisha vibadilishi vinavyoanza kwa kistari, kisha kinachotendewa. `ls -l /home` maana yake ni kuorodhesha, kwa kirefu, vilivyomo katika `/home`. Kitufe cha Tab humalizia jina ulilolianza, na kukitumia mfululizo huondoa makosa mengi ya tahajia na ya herufi kubwa. Jina lenye nafasi ndani yake hufungwa kwa alama za kunukuu, kama katika `cd "Barua za Kazi"`, la sivyo litasomwa kama vitu vitatu. Maelezo ya amri yoyote hupatikana kwa `man`, na herufi `q` hukutoa humo.

Ctrl na C ndani ya terminali hakunakili, bali husimamisha programu inayoendelea. Kunakili ni Ctrl, Shift na C. Na `rm` hufuta bila kupitia kapu la taka. Ukikutana na mstari wenye `sudo` mtandaoni, usome kila neno kabla ya kuubandika, kwa kuwa hapo unamkabidhi mwandishi usiyemjua mamlaka ya root.

Kitakachokosekana, na namna ya kujaribu

Wapo wanaoisifu Linux kana kwamba hakuna kinachopotea. Microsoft Office ya kusakinishwa haipo, Photoshop haipo, na programu nyingi za uhasibu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows hazitaendeshwa, ingawa programu iitwayo Wine huweza kuendesha baadhi ya programu za Windows. Printa na kadi za Wi-Fi nyingi hukubali mara moja, lakini chache husumbua. Kwa nyaraka ipo LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice.org mwaka 2010; ndiyo OpenOffice ile ile ambayo mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitolea toleo la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice. Hufungua mafaili ya .docx, na mipangilio inapovurugika sababu mara nyingi ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hivyo huwekwa Carlito na Caladea ambazo upana wa herufi zake umelinganishwa nazo. Zisipokuwemo, mistari huhama na ukurasa wa pili huanza mahali pasipotarajiwa. Ghala la apt linazo zote mbili.

Hakuna haja ya kuamua kwa kukisia, kwa kuwa Ubuntu na Mint zinaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Flashi ya GB 8 inatosha, programu iitwayo Rufus huiandaa ukiwa ndani ya Windows, na kompyuta inapowashwa hubonyezwa kitufe cha kuchagua kifaa cha kuanzia, ambacho aghalabu ni F12, F9 au Esc kutegemea mtengenezaji. Hapo jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa, kisha fungua nyaraka zako mbili tatu zilizo ngumu kuliko zote. Ukikuta diski ya Windows inasomeka lakini haiandikiki, chanzo cha kawaida ni mpango wa Windows wa kuwaka haraka, ambao hauzimi mfumo kikamilifu. Uzime kutoka ndani ya Windows. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, tafuta kwanza ufunguo wa kuirejesha katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye kompyuta hiyo, kisha nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kabla ya kufika kwenye ukurasa wa usakinishaji unaouliza kama Linux ikae kando ya Windows au ifute diski nzima.